Uzoefu wangu na Robin ya 1991: kijana aliyemgomea mwalimu wake

Katuni za mashujaa nimezisoma tangu shule ya msingi, na nyingi nikishazimaliza sizigusi tena. Robin ya mwaka 1991 nairudia. Ni hadithi ya kijana msaidizi wa Batman, matoleo 5 tu kutoka DC Comics, mwandishi Chuck Dixon, mchoraji Tom Lyle, na siku hizi unaipata ndani ya kitabu kiitwacho Robin: Reborn ambacho kimekusanya pia hadithi zilizoitangulia. Mimi ninayo ya kidijitali, naisomea kwenye tableti. Nimeshawapa vijana kadhaa wa kwetu waisome, na kila mmoja ameirudisha akiwa na la kusema.

Kwanza umjue huyu kijana. Tim Drake ni Robin wa tatu. Wa kwanza, Dick Grayson, alianza mwaka 1940. Wa pili, Jason Todd, aliuawa mwaka 1988 baada ya wasomaji kupiga kura kwa simu: 5,343 wakataka afe, 5,271 wakataka apone. Kwa hiyo Tim anavaa nguo za marehemu, na Batman anamwogopea kila hatua. Kilichomfikisha hapo ni macho yake. Utotoni aliwahi kupelekwa sarakasi akamwona Dick na wazazi wake wakiruka bembea. Baadaye akamwona Robin kwenye televisheni akijipindua mara nne hewani, mtindo ambao aliwahi kusikia ni wa Dick. Mtoto akakaa chini akafikiri: kama Robin ni Dick, basi Batman ni yule tajiri Bruce Wayne aliyemlea. Hakuna mtu mzima katika jiji zima aliyeng'amua hilo. Mimi napenda sana shujaa anayeanza kwa kutumia kichwa, kwa sababu kichwa kila msomaji anacho.

Basi, akishakubaliwa, hatupwi mitaani moja kwa moja. Anapelekwa Paris kusoma. Mwalimu wake ni mzee wa Kitibeti, Rahul Lama, na hapo nilidhani tutaona mafunzo ya kawaida ya mateke na ngumi. Lakini mji una mambo yake. Anakutana na Ling, binti wa genge la Ghost Dragons. Anakutana na Clyde Rawlins, Mmarekani aliyewahi kupambana na wauza unga, ambaye familia yake iliuawa na sasa hana kingine maishani ila kumtafuta muuaji. Muuaji mwenyewe ni Edmund Dorrance, Mwingereza kipofu anayejiita King Snake, tajiri wa dawa za kulevya mwenye ngome yake Hong Kong, na safari hii anafukuzia silaha ya tauni iliyoachwa na Manazi. Ukikumbuka kwamba Hong Kong ilikuwa bado mikononi mwa Uingereza, na kwamba ilirudishwa China mwaka 1997, utaelewa kwa nini mwandishi alimweka Mwingereza kama huyo pale juu ghorofani akiuangalia mji kama shamba lake.

Halafu anatokea Lady Shiva. Huyu ndiye aliyenifanya niisome hadithi kwa moyo.

Shiva ni mmoja wa wapiganaji hatari zaidi katika ulimwengu wote wa DC, na anakubali kumfundisha Tim. Tim anajua fika huyu mama ni muuaji. Anajifunza kwake hivyo hivyo, kwa sababu anachokijua Shiva hakipatikani kwingine. Katika silaha zote kijana anaishia na fimbo ndefu, silaha ambayo inaweza kuzuia, kuangusha na kukomesha ugomvi bila kumwaga damu. Mandhari za mafunzo zimechorwa vizuri mno. Tazama miguu ya Tim: mwanzoni visigino vinaelea na magoti hayajui yapi ya kukunja, kurasa za mbele anasimama imara, na hakuna maneno yanayokuambia ameiva. Unaona mwenyewe. Lakini mtazame na Shiva pia. Hana furaha ya mwalimu anayeona mwanafunzi anafaulu. Ananoa panga.

Pambano la mwisho sitalieleza lote. Tim yuko peke yake na King Snake, na kipofu giza halimsumbui, kwa hiyo kijana ndiye aliye kwenye hasara. Anashinda kwa shida, adui ananing'inia juu kabisa ya jengo, na Shiva anatoa amri: mmalize. Ndiyo ada anayoidai kwa yote aliyomfundisha. Tim anakataa, anageuka, anaondoka. Yanayofuata nyuma yake ni ya Shiva.

Niliposoma ukurasa ule nilisimama kwanza. Sisi huku tunaishi na habari za wananchi wenye hasira kali karibu kila wiki. Kijana kashikwa na simu ya wizi, kabla polisi hawajafika ameshachomwa. Kila aliyekuwepo ana sababu yake, na nyingine ni za kweli kabisa: ameibiwa mara nyingi, kesi hazifiki popote. Sasa shujaa wa katuni naye ni mtu anayejichukulia sheria mkononi, hilo halina mjadala. Ndiyo maana mpaka anaojiwekea ni jambo kubwa. Rawlins anatuonyesha njia ya kisasi inakoelekea, na tunamhurumia kwelikweli, maana uchungu wake ni halali. Tim naye ana uchungu wake: mama kauawa, baba yuko kitandani hajitambui, na hayo yametokea juzijuzi tu. Anao kila msukumo wa kuwa Rawlins mwingine. Hadithi inampa nafasi ya kuua mtu ambaye hakuna angemlilia, tena kwa amri ya mwalimu wake, na yeye anakataa bila hotuba. Steringi tuliowazoea kwenye filamu wangemsukuma adui na kurusha kineno cha kuchekesha.

Sasa kasoro, maana zipo na zinauma.

Hadithi ya kwanza kwenye kitabu, ile ya Alan Grant na Norm Breyfogle kuhusu wazazi wa Tim kutekwa Haiti, ina mbaya wake anayeitwa Obeah Man. Obeah ni mambo ya kiganga ya Jamaika na visiwa vingine vilivyotawaliwa na Waingereza. Haiti ina vodou, dini yenye historia yake, iliyokuwemo hata katika mapinduzi ya watumwa dhidi ya Ufaransa. Waandishi wamechanganya vyote, wakavifanya kinyago cha kutishia watoto. Msomaji wa Afrika anaitambua tabia hii haraka, kwa kuwa waganga na mizimu yetu vimetendewa hivyo hivyo kwa miaka mingi. Inasikitisha zaidi kwa sababu michoro ya Breyfogle humo ni ya moto. Na Hong Kong ya Dixon nayo ina magenge na wapiganaji tu. Watu wa kawaida, wauza samaki, wanafunzi, hawaonekani. Ling alistahili zaidi. King Snake anamng'oa jicho kwa kushindwa kazi, na kurasa zinapita kwa kasi mno kiasi kwamba maumivu yake hayapewi nafasi.

Kwa upande wa sura ya kitabu, majalada ya Brian Bolland ni ya kubandika ukutani. Vazi jipya lilibuniwa na Neal Adams: suruali ndefu ya kijani badala ya miguu mitupu ya tangu 1940, na joho jeusi kwa nje, njano kwa ndani. Linamfanya Tim aonekane mtu anayetarajia kurudi nyumbani salama. Tom Lyle, ambaye baadaye alifundisha uchoraji wa katuni chuoni Marekani na kufariki mwaka 2019, alichora kwa mistari safi isiyochosha, na hata kwenye skrini ndogo unafuata nani kampiga nani.

Kiingereza chake si kigumu. Mwanafunzi wa kidato cha pili ataelewa. Kuna vifo na dawa za kulevya, kwa hiyo chini ya miaka 12 hivi ningesubiri. Kama unainunua kwa ajili ya kijana, mwambie aanze na matoleo ya Batman 455 hadi 457, pale Tim anapovaa vazi, kisha aende Paris. Ile ya Haiti mkaisome pamoja baadaye, mkiwa na muda wa kuzungumza. Akiipenda, Robin aliendelea kwa matoleo 183 kuanzia 1993 hadi 2009, na Shiva yumo humo pia.