Kutua Kisumu upepo ukivuma kwa ubavu: pua pembeni au bawa chini?
Alasiri, upepo wa Ziwa Viktoria ukiipiga ubavuni Cessna 172, ndege ndogo, inayoshuka Kisumu, rubani ana njia mbili. Anaweza kuelekeza pua kwenye upepo, mabawa yakiwa sawa. Abiria hutulia, ila kabla tu ya kugusa lami lazima ainyooshe pua kwa pedali za miguuni, zinazoigeuza kushoto au kulia. Akichelewa, magurudumu hukwaruzwa kando na miguu ya ndege huumia. Au ainamishe bawa la upande wa upepo, akanyage pedali ya upande wa pili, na gurudumu la upande huo wa upepo litangulie kugusa. Kwa mwanafunzi, mimi nachagua hii ya pili: angali juu, anajua kama pedali inaumudu upepo. Pedali ikikanyagwa hadi mwisho na pua bado haijanyooka, aongeze nguvu apae tena.