Fedha au Vifurushi vya Chakula: Msaada Upi Unazifaa Zaidi Kaya Dhaifu Wakati wa Janga?

Shirika la Afya Duniani lilipoitaja UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, vikundi vingi vya misaada vililazimika kuchagua kati ya kugawa chakula na kutuma fedha.

Chakula hufaa pale ambapo masoko yamefungwa, au bei zimepanda kiasi kwamba fedha kidogo hazinunui kitu. Hata hivyo, kinahitaji ghala, usafiri na watu wa kufungasha, na ugawaji usiopangwa vizuri huzaa foleni, yaani msongamano uleule ambao kanuni za afya huukataza wakati wa janga. Tena kifurushi hakilipi kodi ya nyumba wala hakinunui dawa.

Fedha zinazotumwa kwa simu hazimkusanyi mtu na mwenzake, na humwachia mama wa familia uamuzi wa lipi litangulie. Nchini Togo, mpango wa Novissi, ulioanza Aprili 2020, uliwalipa kwa simu watu wa sekta isiyo rasmi, na wanawake walipewa zaidi kidogo kuliko wanaume. Kasoro yake ni nzito: asiye na simu au kitambulisho huachwa nje, na mara nyingi huyo ndiye mhitaji zaidi.

Kwa maoni yangu, soko likiwa wazi, fedha zitangulie, na chakula kipelekwe mlangoni kwa wagonjwa waliojitenga na wazee wanaoishi peke yao. Orodha yao iandaliwe na majirani, ilimradi ihakikiwe na watu wasio na ndugu ndani yake.