Taima ya Luthuli: mwezi wa tatu sasa kwenye banda la kuku

Nina kuku wa mayai 23 hapa Ruai, na kufikia mwezi wa pili walikuwa wamenichosha. Mayai 11, siku nyingine 9. Chakula wanakula, maji yapo, chanjo wamepata. Kijana wa mayai boilo pale steji akawa ananisalimia na swali: "Mama Kevo, hata leo trei haijajaa?"

Agroveti moja ikaniuzia kipakiti cha unga. "Hii ni homoni, mama, utaniambia." Kevo akasoma nyuma ya pakiti: vitamini na madini. Homoni hata ya dawa hakuna. Na kumbe kuku hanunuliwi homoni, anazitengeneza mwenyewe akipata mwanga wa kutosha.

Hapo ndipo nikashuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya umeme mjini Nairobi, nikanunua taima ya kuchomeka ukutani, ya kuwasha na kuzima taa yenyewe, kwa shilingi 650. Haina skrini wala betri. Ni gurudumu lenye vijino 96, kila kijino dakika 15. Mimi nimebonyeza 10: taa inawaka saa kumi alfajiri, inazima saa kumi na mbili na nusu jua likishatoka. Jioni sigusi, maana taa ikizima ghafla usiku kuku wanabaki sakafuni wakipapasa. Giza la kawaida linawapandisha wenyewe kwenye vijiti.

Sisi wa Nairobi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama masaa 12 mwaka mzima. Kuku wa mayai anataka 14 hadi 16. Mwanga huo hauingilii machoni tu, unapenya fuvu hadi kwenye ubongo, na ubongo unaamuru tezi ya pituitari, iliyo chini yake, iachilie homoni za kukuza viini kwenye ovari. Ovari nayo inatoa homoni ya estrojeni, ambayo inalituma ini litengeneze vya kujaza kiini na kuweka akiba ya kalsiamu mifupani kwa ajili ya ganda. Kiini kikiiva, homoni nyingine, projesteroni, inapanda, pituitari inajibu, na baada ya masaa 4 hadi 6 kiini kinaachiliwa. Kutoka hapo ni kama masaa 25 hadi yai litoke, na karibu 20 ni za ganda peke yake. Ndiyo sababu kuku anachelewa kidogo kila siku mpaka anaruka moja. Nilikuwa nawatukana bure.

Wiki ya tatu nikaanza kuokota 16, 17. Trei inajaa kwa siku mbili.

Ubaya wake: stima ikipotea, gurudumu linasimama. Kuna usiku tulikaa gizani masaa sita. Kuanzia hapo taa ikawa inawaka saa nne asubuhi, jua likiwa linachoma mabati, na mimi sina habari. Nilishtuka mayai yalipoanza kupungua. Siku hizi stima ikirudi, jambo la kwanza ni kwenda kuangalia kama mshale wa taima uko kwenye saa sahihi.

Pia usitarajie taima itamsaidia anayeatamia. Nina kienyeji mmoja, Sofia, aliyekalia mayai ya wenzake na kumdonoa kila mtu. Huyo ni prolaktini, homoni ya kuatamia, imempanda, na ikipanda ovari inalala. Nilimweka siku nne kwenye kizimba cha waya kisicho na nyasi, tumbo lipigwe na hewa. Akasahau mambo ya vifaranga.

Wenye mitetea wadogo ngojeni kwanza. Ukiwaongezea mwanga mapema wanaanza kutaga kabla mwili haujakomaa, na wengine wanatokwa na kizazi.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji aichomeke ukiwa umesimama hapo na usubiri uone gurudumu likisogea. Yangu ya kwanza haikusogea. Nilirudi siku hiyo hiyo, nikabadilishiwa bila maneno, ila nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa juu yangu.