Land Rover kuukuu ya jeshi: benki au sacco?

Umeshaipenda ile Land Rover 110 ya jeshi kwa mnada hapa Kenya, na unatafuta mkopo wa kuinunua? Benki itakusumbua, maana inashika gari lenyewe kama dhamana na inataka bima kubwa (ile inayolipa hata gari lako likiibwa au kuungua), sasa gari la miaka 30, chesisi imeshikwa na kutu, nani atakukatia? Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, huangalia akiba yako, mara nyingi wanakupa mara 3 yake, pamoja na wadhamini, kwa hiyo unaeza kuingia barabarani na thadi pati tu (bima ya kulipa wengine, si gari lako), ile inayodaiwa na sheria ya bima ya magari, Sura ya 405. Mimi ningeenda sacco. Lakini jameni, ikiibwa ama ikiungua hulipwi hata shilingi, deni linabaki palepale, ukishindwa wadhamini wako ndio wanakatwa.