HMS Cavalier: manowari inayostahili kutembelewa

Manowari hii ya aina ya destroya (meli ya kivita yenye kasi inayolinda meli nyingine), iliyoshushwa majini katika mji wa Cowes, Uingereza, mwaka 1944, ikasindikiza msafara wa meli za mizigo katika bahari ya Aktiki mwaka uliofuata na kustaafishwa mwaka 1972, sasa imehifadhiwa katika gati kavu (gati linaloondolewa maji) la Chatham, Uingereza, na naisifu bila kusita. Kilichonigusa zaidi ni makazi ya mabaharia, ambako vitanda vya bembea vilitundikwa juu ya meza zile zile walizolia chakula. Ngazi zake ni wima na nyembamba, hivyo wazee wajihadhari. Karibu yake upo mnara wa kumbukumbu ya destroya 142 za Uingereza zilizozama katika Vita Vikuu vya Pili, usiupite haraka.