Belti ya tyubu ya baiskeli ndani ya Amstrad CPC 464: uzoefu wangu na fundi wa hapa Mwanza

Nusu nyota. Ningetoa sifuri kabisa, ila lehemu yake ilikuwa safi, na hilo nitalifikia hasira zikishuka.

Kazi niliyopeleka haikuwa ya kumtoa mtu jasho. CPC 464 moja, kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1984 inayopakia programu kutoka kwenye kaseti, pamoja na kinasa kaseti kamili kilichotolewa kwenye 464 nyingine iliyokufa bodi. Toa kibovu, weka kizima. Belti mbili za hicho kizima zilishageuka lami, ile kubwa ya mota na ile nyembamba ya kaunta ya utepe, kwa hiyo kulikuwa na kufuta lami, kuvisha belti mpya, kusafisha hedi (kichwa kinachosoma utepe), kuchomeka plagi na kufunga skurubu. Mchana mmoja, na muda wa kwenda kula ukiwemo. Ilikaa wiki kadhaa. Kibanda kiko katikati ya mji, jina silitaji.

Kwa asiyeijua 464: kinasa kimejengwa humo humo, kulia kwa kibodi, na haina tundu la kinasa cha nje kama alilo nalo mdogo wake, CPC 6128. Kinasa kikifa umebaki na kikokotoo kikubwa kinachosahau kila kitu ukikizima. Ndiyo maana nimechukia kiasi hiki.

Nimefika nyumbani, nimewasha, nimeandika CAT, amri ya kuorodhesha yaliyomo kwenye kaseti, na kubonyeza PLAY. Jina la faili likatokea, bloku ya 1, yaani kipande cha kwanza cha programu, ikasomeka hadi "Ok", bloku ya 2 ikaleta "Read error b". Nikarudisha utepe nyuma kidogo, "Read error b". Nikarudisha tena, safari hii bloku ya 2 ikakubali, ya 3 ikaleta "Read error a". Hiyo "b" maana yake hesabu ya ukaguzi haikulingana na data iliyosomwa. "A" maana yake biti, yaani 1 au 0 moja, imerefuka mpaka mashine ikashindwa kuipima. Kosa likihamahama namna hiyo usiilaumu kaseti. Kaseti yenye kovu hukosea palepale kila ikipita. Linalohama ni la mwendo.

Kabla ya kufungua nilifanya jaribio ambalo kila fundi angepaswa kulifanya, na halina gharama ya maana. Ile kaseti yenye waya, ya kuunganishia simu kwenye redio ya gari, inauzwa kwenye maduka mengi ya spea za magari. Itie kwenye 464, chomeka simu yenye faili la sauti la programu, ongeza sauti hadi karibu na mwisho, zima ekwalaiza, weka simu isipokee mtandao ili mtu asikupigie katikati ya bloku ya 9, kisha pakia. Hapo hakuna utepe unaotembea. Sauti inaingia kwenye hedi moja kwa moja, kwa hiyo mota na belti zimetolewa kwenye kesi. Programu ikaingia yote, bloku baada ya bloku. Hedi nzima, ampli nzima, waya nzima, bodi nzima. Kilichobaki ni kinachozungusha utepe.

Skurubu ziko chini. Ukizifungua, nusu ya juu inanyanyuka na kibodi pamoja na kinasa, bodi inabaki chini. Inyanyue polepole kama unayefunua sufuria usijue kuna nini, maana waya wa kibodi ni mfupi.

Nikaiona belti.

Ni pete iliyokatwa kwa mkasi kutoka tyubu ya baiskeli. Upande mmoja upana wake milimeta 3, upande wa pili 2 kasoro. Ule mshono wa kiwandani wa tyubu bado umo, uvimbe unaousikia ukipitisha kucha. Na ule unga mweupe unaokuwa ndani ya tyubu hakuupangusa: ulikuwa umemwagika chini ya mota na kwenye gurudumu zito, kama mtu alikuwa anachekecha ngano humo.

Sasa kwa nini hili ni kosa na si ubunifu, maana najua atatokea wa kusema nimshukuru kwa ubunifu. Puli ya mota ni ndogo, haizidi punje ya mbaazi. Uvimbe wa mshono ukipanda juu yake, puli inakuwa kama imenenepa kwa kitambo kidogo, na utepe unaruka mbele. Mshono ukishuka, utepe unarudi mwendo wake. Sehemu nyembamba ikifika, belti inateleza. Gurudumu zito limewekwa kulainisha mitikisiko midogo, lakini huu haukuwa mdogo. Utepe wa kaseti unatakiwa kutembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa kasi ya biti 2000 kwa sekunde, biti moja imelala kwenye utepe kwa wastani wa milimeta 0.024. Na 464 haitofautishi 1 na 0 kwa kitu kingine isipokuwa urefu: 1 ni ndefu mara mbili ya 0. Ukiuyumbisha utepe, 0 inarefuka, 1 inafupika, na mashine inasoma upuuzi.

Halafu mashine yenyewe ni mpole. Kila bloku inaanza na mlio mrefu wa kuongoza, na kompyuta inapima kasi kutokana na mlio huo. Kinasa kikienda taratibu lakini sawasawa, inakifuata tu. Isichoweza ni kupimiwa mwendo huu kwenye mlio kisha kuletewa mwendo mwingine kwenye data. Yaani fundi angeweka hata belti iliyolegea kidogo lakini yenye unene mmoja, huenda nisingeandika haya.

Nikarudi na ile pete ndani ya bahasha. Hakuniuliza tatizo ni nini. Akachukua kinasa chake cha mfano, akakiunga na ampli, akatia kanda ya kwaya, ikaimba. "Bosi, hii ni redio. Redio ikiimba imepona." Nikamweleza habari ya biti. Akawaangalia waliokaa kwenye benchi, akasema, "Siku hizi mtu anahangaika na kaseti? Nunua simu, bosi." Wakacheka wote, hata yule aliyekuwa na kanda tatu mkononi.

Kwaya ikiyumba kidogo unadhani ni madoido ya mwimbaji. Hicho ndicho kipimo alichokitumia kupitisha kazi yangu. Akaongeza kwamba nikiendelea kusumbua atanivishia mota ya redio ya gari. Naomba yeyote mwenye 464 asikubali hili hata kwa bure. Mashine nzima, pamoja na kinasa, inakula volti 5 tu. Mota ya redio ya gari ni ya volti 12, na kidhibiti mwendo kilichomo ndani yake hakina cha kudhibiti kwa volti 5. Itajikokota na kubadilika kila mzigo ukibadilika. Na mota hizi zina upande wa kuzunguka. Ukiweka inayozunguka kinyume, gurudumu la kupokea utepe halipokei, utepe unatoka nje kama tambi.

Mafuta nayo. Aliyamwaga kila kinachozunguka, mpaka kwenye ile rola ya mpira inayobana utepe kwenye ekseli, kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe. Rola ikiwa na mafuta inateleza, na kila kaseti unayoipitisha inaondoka imepakwa. Kinachohitaji mafuta ni ekseli pale inapoingia kwenye beringi yake, tone moja la mafuta ya cherehani, tena kwa ncha ya sindano. Rola, hedi na ekseli yenyewe husafishwa kwa spiriti kali na pamba za masikio hadi pamba itoke nyeupe. Kwenye rola usiloweshe, futa na uache ikauke. Lami ya belti ya zamani inatoka kwa spiriti hiyo hiyo, ila vaa glovu, au utashinda na vidole vyeusi siku mbili.

Basi, nusu nyota nayo naiondoa.

Ngoja. Kuna lehemu. Nilipogeuza nusu ya juu nikakuta ile plagi ya kinasa ameikata na kuunganisha waya moja moja kwenye bodi. Nilitukana peke yangu, kwa sababu sasa nusu mbili za mashine haziachani bila pasi ya kulehemu. Lakini nilipoziangalia kwa lensi, kila nundu imeng'aa, imekaa vizuri, hakuna iliyogusana na jirani, hakuna ngozi ya waya iliyoungua, na rangi za waya amezifuata zote. Kwenye bodi ya zamani kama hii, ambayo vibati vyake vya kulehemia waya vinabanduka ukikaza joto, hiyo si kazi ya kubahatisha. Na plagi aliyoikata, nilipoiangalia vizuri, ilikuwa na kutu ya kijani ndani. Labda angeniambia tu. Labda nami ningeuliza. Nyota mbili, basi, kwa mkono wake, si kwa mdomo wake.

Belti sahihi niliipata kwenye rediokaseti bovu ya mnadani. Ukitafuta, usibebe pete iliyokufa kama kipimo, imeshavutika. Chukua uzi wa kushonea, uzungushe njia yote ya belti kuanzia puli ya mota hadi gurudumu, ukate, upime, kisha tafuta belti iliyo fupi kuliko uzi huo kwa asilimia 5 hadi 10. Ya mraba, si bapa, unene sawa kote. Ikibana zaidi ya hapo inamvuta ekseli wa mota upande mmoja na mwendo unashuka. Nyuma ya mota nyingi za kaseti kuna tundu dogo la kurekebishia mwendo. Usiingize bisibisi humo kabla ya kubadili belti, la sivyo utakuwa umerekebisha ugonjwa wa belti kwa kuiharibu mota.

Baada ya belti kukaa, bado skurubu ya hedi. Hii ndiyo iliyonirudisha kwenye nyota moja. Hedi inashikwa na skurubu mbili, moja ina springi. Hiyo ya springi ndiyo inayoinamisha hedi. Ile rangi inayowekwa kuifungia isisogee ilikuwa imevunjwa. Nadhani aliizungusha hadi kanda ya kwaya ikasikika kali, na kanda yenyewe ilirekodiwa kwenye kinasa kisichojulikana kiliinamaje. Dalili ya hedi iliyoinama ni hii: programu ulizohifadhi mwenyewe zinasomeka vizuri, za kiwandani zinakataa. Inajielewa yenyewe, haielewani na dunia.

Kuirekebisha, tia kaseti ya kiwandani, bonyeza PLAY, kisha andika CALL &BC6E; mota itazunguka bila kupakia chochote. Zungusha skurubu kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko kwa mara moja, ukisikiliza mlio: ukiwa mzito umepotea, ukichongoka na kung'aa umefika. CALL &BC71 inazima mota. Halafu CAT kaseti nzima, na bloku zote zikija na "Ok", weka tone la rangi ya kucha juu ya skurubu. Programu zako ulizohifadhi hedi ikiwa imepinda zipakie na kuzihifadhi upya, zikikataa rudisha skurubu kidogo upande ilikotoka, uziokoe, kisha urudi. Wakati wa kuhifadhi andika SPEED WRITE 0; ni kasi ya 1000, ya taratibu, lakini biti inapata nafasi mara mbili kwenye utepe.

Jambo la huku kwetu tu: anayekaa karibu na maji, kuanzia Kirumba hadi Igombe, afunike mashine jioni. Vile vijidudu vya ziwani vikifuata taa vinaingia kwenye mlango wa kaseti, na mmoja nilimkuta amebanwa bapa kati ya hedi na utepe. Kaseti nazo zikikaa kwenye unyevu zinaota ukungu mweupe kwenye kile kipande cha manyoya kinachousukuma utepe. Ukiuona, usitie kaseti hiyo kabla ya kuufuta, utausambaza kwenye hedi.

Leo imesoma bloku 14 mfululizo, tena kwa kasi ya 2000, bila kurudisha utepe hata mara moja. Hapa nilipo nina 464 ya pili ambayo waya zake za kinasa zimekatika kwenye bodi, na sijaona mkono mwingine Mwanza nitakaouamini na vibati vile. Nitampelekea yeye. Kinasa kitabaki nyumbani.