Redio ya Mawimbi Mafupi: Uliza Kwanza Kilichoachwa

Anayenunua redio ya mawimbi mafupi husoma yaliyoandikwa kwenye boksi, na ni nadra kuuliza yasiyoandikwa, ilhali hayo ndiyo yanayoitofautisha redio moja na nyingine. Redio nyingi za bei ya kati zimejengwa juu ya chipu za jamii ya Si4735 iliyobuniwa na Silicon Labs, zinazofanya karibu kazi yote ya kuchuja mawimbi. Kwa hiyo kila kisichokuwamo ndani ya chipu kinadai saketi ya ziada, na gharama yake hugawanywa kwa wanunuzi wachache.

Kati ya redio nne ninazozipanga hapa, nafasi ya kwanza naipa Tecsun PL-680, kwa sababu moja tu. Usiku kituo cha mbali kinapofifia na sauti kuanza kukwaruza, mara nyingi kilichodhoofika ni lile wimbi linalobeba sauti, si sauti yenyewe. PL-680 ina saketi inayozalisha wimbi mbadala na kulioanisha na la kituo, tena hukuwezesha kusikiliza upande wa juu au wa chini wa wimbi hilo ili kukikwepa kituo jirani kinachoingilia. Uwezo huo ndio watengenezaji huutupa mapema zaidi. Hapa umelipiwa kwa njia nyingine: upana wa kichujio, kinachotenga kituo na majirani zake, una hatua mbili tu. Inatumia betri nne za AA, zinazopatikana hata duka la mtaani.

XHDATA D-808 inafuata. Ina vichujio saba kwa vituo vya kawaida, inapokea SSB (urushaji wa upande mmoja tu wa wimbi, bila lile wimbi linalobeba sauti), na hata mazungumzo ya marubani, lakini haina ule uoanishaji. Kwa bei yake, sioni sababu ya kuilaumu.

Ya tatu ni Tecsun PL-880, yenye spika nzuri kuliko zote hizi. Ajabu yake ni kwamba uoanishaji umo, ila kitabu cha maelezo hakiutaji. Ukiuwasha, sauti hupotoka mara kwa mara, na nadhani mtengenezaji aliona heri kunyamaza kuliko kuahidi.

PL-310ET iko mwisho kwa kukosa SSB, hivyo waendeshaji wa redio za ridhaa, yaani wanaowasiliana kwa redio kama burudani, watasikika kama bata. Kwa anayetaka vituo vya matangazo pekee, kama redio ya Zanzibar iliyosikika kwa miaka mingi kwenye 11735 kHz, inatosha kabisa.

Hakuna hata moja kati ya hizi nne inayopokea matangazo ya kidijitali ya DRM, kwa kuwa kuyafasiri kunahitaji kichakataji chenye nguvu kinachomaliza betri upesi, na vituo vinavyoyarusha ni vichache. Zote, hata hivyo, zina tundu la antena ya nje. Fedha itakayobaki inunue mita kumi za waya, uutandaze mbali na chaja za simu na taa za LED.